Woka ya mtoto: nyota moja, na hiyo ni ya muziki

Wenye haraka nawapa jibu hapa hapa: usinunue. Kama umeshanunua, toa magurudumu leo kabla ya magharibi. Wenye nafasi kaeni, maana nina maneno mengi na kuku wangu wameshalala.

Ninayoizungumzia ni woka, kile kigari cha duara cha plastiki. Mtoto wa miezi saba au minane anatumbukizwa katikati, vidole vya miguu vinagusa chini, halafu anajisukuma. Jina la kampuni silitaji. Baadaye nilipita maduka ya vitu vya watoto mjini Mtwara nikaziangalia, zote zinafanana kama mayai, stika tu ndiyo inayobadilika. Ya kwetu ilinunuliwa Dar es Salaam na mkwe wangu kwa shilingi 85,000, ikaja kwa basi ndani ya boksi, nami nikaifuata stendi na kuirudisha Mikindani kwa bajaji. Njiani dereva akaniuliza, "Bibi, umenunua feni?" Nikamwambia ndiyo, feni ya mjukuu.

Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo kwetu kwa uzazi wa kwanza, na akabaki anyonyeshe mpaka mtoto achangamke. Baba mtoto yuko Dar anatafuta. Mwanamume akiwa mbali na mwanawe mkono unakuwa mwepesi: leo viatu, kesho mdoli, keshokutwa woka. Simlaumu. Alinipigia simu, "Mama, mzigo umefika? Sasa mjukuu wako atatembea kabla ya Krismasi." Nikamshukuru kwa moyo wote, na shukrani ile siirudishi.

Nitoe haki kwanza. Kuifunga ilichukua dakika kumi bila bisibisi. Kiti chake cha kitambaa kinavuliwa na kufuliwa, na kinakauka kwa saa mbili za jua letu la mwezi wa kumi. Mbele kuna meza ndogo yenye vitufe vya wanyama: ukibonyeza ng'ombe inalia, ukibonyeza bata unapigwa wimbo wa Kichina, sijui kwa nini bata. Betri hazijaisha mpaka leo. Siku ya kwanza mume wangu (namaanisha mjukuu, msinishangae) alicheka mpaka akapata kwikwi. Na mimi nilipata kitu ambacho mwanamke anayelea mtoto wa miezi minane hakipati: mikono miwili mitupu. Nilisonga ugali bila mtu mgongoni. Nilichambua mchele. Siku moja nilikunywa chai ikiwa bado ya moto.

Hapo ndipo woka inapouzwa, jamani. Boksi limeandikwa maneno ya kumfundisha mtoto kutembea, lakini anayenunuliwa ni mama, kwa nusu saa ya kupumua.

Sasa nyumba yangu. Ni nyumba ya zamani, sakafu ya saruji, korido inanyooka kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, halafu baraza, halafu ngazi tatu za kushukia njiani. Fundi aliyemwaga sakafu, Mungu amrehemu, aliilaza korido ishuke kidogo kuelekea nje ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Kwa miaka thelathini nimemsifu fundi yule. Korido ina futi 18, nimeipima kwa mkanda baada ya tukio.

Tukio lenyewe halikuwa na kelele. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, binti kaenda mjini sokoni, mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, sufuria la maji nyuma yangu. Nilikuwa namtazama. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akisikia mtoto ameanguka anauliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa hapo, macho yako kwake. Akajisukuma mara moja, mara ya pili, woka ikakumbuka mteremko wa fundi, ikaondoka. Nilimwona anacheka. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Ikavuka kizingiti kama haikioni, ikakata baraza, magurudumu ya mbele yakadumbukia ngazi ya kwanza, na kigari kizima kikapinduka naye ndani.

Jirani aliyekuwa anapita na ndoo alifika kabla yangu. Mdomo umepasuka, damu, uvimbe kwenye paji la uso unakua huku unautazama. Alilia palepale, na baadaye niliambiwa kilio kile kilikuwa habari njema.

Kituo tulichokimbilia sikitaji. Nasema tu kwamba bahati yetu siku hiyo alikuwepo daktari bingwa wa watoto, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakuanza na mdomo uliokuwa unatoa damu. Aliuliza maswali: alilia mara moja? Alipoteza fahamu? Ametapika? Amenyonya tangu aanguke? Akamtazama mboni za macho kwa tochi, akapapasa utosi na kichwa chote kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Tukakaa saa nne za kuangaliwa. Hakutapika, alinyonya, akalala na kuamshwa, akaamka kwa hasira zake za kawaida. Mdomo ulipona wenyewe kwa siku tano.

Wakati wa kuturuhusu akauliza, "Alianguka kutoka wapi?" Binti yangu akajibu ngazini. Daktari akauliza tena, "Akiwa ndani ya nini?" Mtoto wa miezi minane hafiki ngazini kwa mbio zile kwa magoti, na yeye alilijua hilo. Tukasema. Akatikisa kichwa bila kugomba. "Mama, kigari kile ukifika nyumbani kiondoe. Chama chetu cha madaktari wa watoto hakikitaki, wa Marekani wameomba kipigwe marufuku tangu mwaka 2001."

Mimi nimefundisha hesabu darasa la sita na la saba maisha yangu yote, na ugonjwa wa mwalimu ni kuuliza. Nikamwuliza: chama? Chama ndicho kinachosema mtoto akae kwenye kigari au asikae?

Maana vyama ninavyovijua mimi ni vya aina tatu. Kuna chama cha siasa. Kuna chama cha msingi cha korosho, kinachopeleka mzigo ghalani na kusubiri mnada. Na kuna chama cha wafanyakazi, ambacho kilinikata kwenye mshahara kila mwezi mpaka nikastaafu. Nilidhani cha madaktari ni hicho cha tatu, cha kudai posho. Daktari akacheka. Foleni ilikuwa ndefu, hakuweza kunieleza yote, lakini aliniandikia jina nyuma ya karatasi ya dawa nikatafute. Nimetafuta. Wiki tatu nimeazima simu ya binti yangu usiku mpaka akaanza kunificha chaja.

Niliyoyapata nayaweka kama tathmini ya pili, kwa sababu huduma niliyoipata siku ile ilitoka kwa watu wawili: daktari aliyenishika mkono, na wenzake wa mbali ambao hawajui Mikindani iko wapi.

Wa mbali ni Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani, AAP. Ina wanachama kama 67,000. Ilianzishwa mwaka 1930 na madaktari 35 waliokutana mji wa Detroit, na chanzo chake ni ugomvi. Mwaka 1921 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutoa pesa za serikali kwa huduma za wajawazito na watoto wachanga. Madaktari wa watoto, ambao wakati huo walikuwa kitengo tu ndani ya chama kikubwa cha madaktari wote, wakaiunga mkono mwaka 1922. Chama kikubwa kikaikataa kwa hoja kwamba serikali inaingilia kazi ya daktari, na kitengo kikaambiwa kifunge mdomo. Hawakuufunga. Miaka minane baadaye wakawa na chama chao.

Nilipenda sana hapo. Mtoto hana kura, hana makato ya mshahara, hawezi kugoma. Wakubwa wanaogombana juu ya pesa watamkumbuka saa ngapi? Ikabidi waganga wake wajitenge ili wapate kumsemea bila kuomba ruhusa.

Sasa kuhusu woka. Daktari mmoja akiona mtoto mmoja kaanguka ngazini, anaona ajali. Akiona wa pili, atasema mama wa siku hizi hawaangalii watoto. Daktari wa Lindi hajui kilichotokea Masasi wiki hiyo, na wa Masasi hajui cha Songea. Kazi ya chama ni kukusanya. Katika jarida la AAP, mwaka 2018, walichapisha hesabu hii: kati ya 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walitibiwa kwenye idara za dharura za Marekani kwa sababu ya woka. Tisa kati ya kila kumi waliumia kichwa au shingo. Karibu watatu kati ya kila wanne walianguka kwenye ngazi. Ukizitazama namba hizo unaacha kuuliza mama alikuwa wapi. Kina mama laki mbili na ushei hawawezi kuwa wote wazembe. Kosa liko kwenye kigari.

Wanasema pia kwamba mtoto ndani ya woka anaweza kwenda zaidi ya futi 3 kwa sekunde moja, na kwamba wengi wanaoumia wanaumia mtu mzima akiwa anawatazama. Nikarudi kwenye korido yangu na kalamu. Futi 18 gawanya kwa 3 ni sekunde 6, na hapo sijahesabu mteremko wa fundi. Mimi kunyanyuka tu kutoka kwenye kigoda, kwa magoti haya, ni sekunde 4. Nimejaribu mara tatu, binti akipima kwa simu, akicheka. Hesabu imenisamehe kuliko majirani.

Halafu hilo la kumfundisha kutembea. Ni uongo, na uongo wenyewe umepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ireland walichapisha kwamba kila saa 24 za woka, ukizijumlisha, zilikwenda pamoja na mtoto kuchelewa kutembea mwenyewe kwa siku 3.3 na kusimama mwenyewe kwa siku 3.7. Mume wangu aliitumia kama saa moja na nusu kwa siku, kwa siku 24 mpaka alipopinduka. Jumla saa 36. Kwa wastani wao tumelipa 85,000 kumchelewesha mtoto karibu siku tano. Najua wastani ni wastani, watoto hawafanani. Lakini boksi liliahidi kinyume chake kabisa. Daktari alinieleza sababu kwa lugha nyepesi: ndani ya kigari mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kukanyaga kwa wayo, haoni miguu yake, haanguki vidogo vidogo vinavyomfundisha kujishika, na hana haja ya kutambaa kwa sababu gurudumu limeshamfikisha.

Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba zisizo na ngazi wanaweza kudhani limewapita. Woka inamwinua mtoto. Anayetambaa anafikia kisigino chako. Aliye ndani ya woka anafikia kitambaa cha meza, chupa ya chai, mpini wa sufuria, na jiko la mkaa lililowekwa uani. Siku zote zile sufuria langu lilikuwa nyuma yangu, futi mbili kutoka kwake, na nilikuwa naogopa ngazi wala siogopi maji.

Kanada waliamua Aprili 2004: hakuna kuuza, hakuna kuingiza, hakuna kutangaza. Hata ya mtumba kuiuza ni kosa, na adhabu inaweza kufika dola 100,000 au miezi sita jela. Nilimsomea binti yangu akasema, "Mama, ungekuwa Kanada ungekuwa unakula ugali wa magereza." Marekani kwenyewe, walikoomba marufuku tangu 2001, bado zinauzwa. Serikali yao iliweka masharti makali mwaka 2010 ya namna ya kuziunda zisiteleze ngazini, majeruhi wakapungua, lakini marufuku haikuja. Hapo nikaelewa mpaka wa nguvu za chama. Chama cha madaktari hakina polisi. Hakifungi duka. Hapa kwetu anayemsajili daktari na kumwadhibu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na anayeweka viwango vya bidhaa ni TBS. Chama kina kalamu, mikutano, na jina lake. Kinaandika kwamba kitu hiki kinaumiza watoto, halafu kinabaki kurudiarudia kama adhana mpaka mwenye mamlaka aamke.

Msifikiri nimewapa hao wazungu nyota tano. Nimewakata. Mwaka 2000 AAP hiyo hiyo ilishauri watoto walio katika hatari kubwa ya mzio wasionje karanga mpaka wafike miaka mitatu. Mwaka 2008 wakaufuta ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ukaonyesha mambo yako kinyume: watoto wa hatari walioanza kula karanga mapema, wakiwa wachanga bado, walipata mzio huo kwa kiwango cha chini kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko walionyimwa. Miaka yote hiyo kuna mama waliomficha mtoto karanga kwa kumtii daktari. Mimi hapa, katika mkoa wa korosho na karanga, nilikuwa naunga uji wa wanangu kwa karanga za kusaga bila kumwuliza mtu, na kumbe nilikuwa mbele ya akademia! (Za kusaga, laini. Karanga nzima au korosho nzima kwa mtoto mdogo humpalia, hilo halina mjadala.)

Lakini angalia walivyokosea. Walikosea kwa maandishi, kwa tarehe, na wakafuta kwa maandishi. Mwenye duka la woka hajawahi kurudi kunifutia kilichoandikwa kwenye boksi. Hata kumlaza mtoto: wanangu niliwalaza kifudifudi, ndivyo tulivyofundishwa, asipaliwe akicheua. Mwaka 1992 wakabadilisha, alazwe chali au ubavu, baadaye wakasema chali tu, na kule kwao vifo vya ghafla vya usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Naona heri mtu anayesema nilikosea kuliko anayepiga muziki wa bata.

Swali ambalo wastaafu wenzangu waliniuliza barazani ni la pesa: nani anawalipa hao? Swali zuri. Chama kikila kwa muuza maziwa ya kopo kitasema nini juu ya ziwa la mama? Vyama hivi vimelaumiwa kwa hilo. Kile cha Uingereza, Chuo cha Kifalme cha madaktari wa watoto, kiliamua mwaka 2019 kuacha kupokea pesa za kampuni za maziwa ya watoto, baada ya kelele nyingi za wanachama wake wenyewe. Kwa hiyo ukisikia chama kinasema, uliza kama mwenye bidhaa amelipia chai ya mkutano. Kwa woka sioni wa kunufaika. Hakuna anayepata faida mtoto akitambaa kwenye mkeka.

Kwetu tunacho chama cha namna hiyo, Chama cha Madaktari wa Watoto Tanzania, wanakiita PAT. Ukitaka kuona kazi ya vyama hivi hapa nchini, usianze na woka, anza na leba. Nilimpigia mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ni mkunga, nikamwuliza kama anaijua hiyo AAP. Akasema jina halijui sana ila mdoli anaujua. Mdoli gani? Akanieleza: ni mwanasesere wa ukubwa wa mtoto mchanga, unajazwa maji apate uzito, anapumua ukimpulizia kwa mfuko na barakoa, kitovu kinapiga ukibonyeza puto. Wakunga wanajifunzia kumwamsha mtoto aliyezaliwa hapumui: mkaushe, mpe joto, msugue mgongo, safisha njia ikihitajika, na kama bado, pumzi ya mfuko ndani ya dakika ya kwanza. Wanaiita Dakika ya Dhahabu.

Mafunzo hayo yalitungwa na AAP pamoja na wenzao, na Tanzania ilikuwa mahali pa kuyapima. Hospitali 8 za nchi hii, kuanzia mwaka 2009. Matokeo yalichapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto wanaozaliwa wafu muda mfupi baada ya kufariki tumboni wakapungua kwa asilimia 24. Hakukuwa na mashine ya mamilioni, ni mfuko, barakoa, kitambaa kikavu na mazoezi. Mkunga wangu akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa naogopa sana ule ukimya. Sasa mikono inaanza yenyewe." Darasani kwangu binti huyu alikuwa mbovu wa sehemu na desimali. Nilinyamaza kwenye simu muda kidogo.

Basi nimerudi kwenye malalamiko yangu, kwa sababu hii ni tathmini. Kama watu hao wanaweza kuufikisha mdoli mpaka zahanati, kwa nini neno moja kuhusu woka halikunifikia mimi kabla ya damu? Nimekaa kwenye benchi la kliniki na binti yangu tangu mtoto ana wiki sita. Sindano ya wiki sita, ya kumi, ya kumi na nne. Kila mwezi mzani. Kuna mabango ya chandarua, ya unyonyeshaji, ya surua, yote mazuri. Wauguzi wanatoa somo asubuhi kabla ya kupima, nami nasikiliza kwa jicho la mwalimu mkuu. Hakuna aliyesema kigari. Neno lipo tangu 2001, limeandikwa, limehesabiwa, lakini limekaa kwa Kiingereza huko juu, na mimi nililipata kwa bahati kwa sababu siku hiyo bingwa alikuwa zamu. Wangapi wanashonwa mdomo na kurudishwa nyumbani kwenye kigari kilekile?

Mwenye duka nilimfuata, yule wa mjini mwenye nyingi zaidi zimepangwa mlangoni. Sikwenda kwa shari. Nilinunua soksi kwanza. Nikamwambia habari yangu, akanisikiliza, akasema, "Bibi, mimi nauza kinachoulizwa. Wakiacha kuuliza, nitaacha kuleta." Akanionyesha cha kusukuma, kile mtoto anasimama nyuma yake mwenyewe na kukishika mpini. Nikamwambia hicho fundi seremala wa kwetu anakichonga kwa mbao, magurudumu matatu, tena kizito hakikimbii. Tukacheka. Sikumwona mtu mbaya. Amekosa tu kuambiwa, kama mimi.

Alama zangu, basi. Woka: nyota moja, ya muziki. Daktari binti wa siku ile: tano, na ya sita kwa kuuliza "akiwa ndani ya nini". AAP: nne, moja nimeikata kwa karanga. Cha kwetu sikipi alama, maana sijakitumia vya kutosha. Nakipa kazi ya nyumbani: karatasi moja, Kiswahili, picha ya kigari na ngazi, ibandikwe pembeni ya mzani pale ambapo mama anasubiri na hana pa kutazama.

Wanaouliza sasa namweka wapi nikisonga ugali: mkeka, mito miwili, beseni kubwa lililotandikwa khanga akiwa anachezea vijiko vyangu. Baraza nimeiwekea ubao wa kuziba, jirani kaupiga misumari kwa malipo ya sahani ya ming'oko. Mikono yangu haiko mitupu tena, chai nakunywa baridi. Kijana ameanza kusimama kwa kushika kochi, anasimama, anatetemeka, anakaa kwa kishindo, ananitazama kama mimi ndiye niliyemsukuma.

Mkwe wangu, najua binti atakusomea hii. Zawadi yako haikutupwa. Magurudumu nimeyang'oa yote. Kiti kimefuliwa, ni kifuko cha pegi za kuanikia nguo. Duara lenyewe nimelipindua uani nikalizungushia chandarua kikuukuu, kuna vifaranga kumi na mmoja ndani na mwewe hawapati. Jogoo akiruka juu anakanyaga kitufe, ng'ombe analia, na vifaranga wote wanakimbilia kona moja.